Lacha, Mbwa wa Maskini wa Uingereza: Sifa Zimtengazo Aliye Mwema na Aliye wa Kadiri

Watu wasiozoea mbwa wa kuwinda, waonyeshwapo mbwa mwembamba mwenye miguu mirefu, huuliza kwanza, "Je, ana mbio?" Swali hili si baya, walakini ni swali la mgeni. Katika Uingereza wako watu, wengi wao wachungaji wa kondoo, vibarua wa mashamba, na wasafiri wa kabila la Waromani, ambao tangu karne nyingi wamefuga mbwa wa namna moja aitwaye kwa Kiingereza *lurcher*, nasi katika maandiko haya tutamwita lacha. Watu hao wamwonapo lacha wa mwenzao huuliza maswali mengine kabisa: Je, hunyamaza? Je, huleta? Je, humsikia bwana wake aitwapo kwa mbali? Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha ya kuwa maswali hayo hayakuzuka bure. Yaliletwa na sheria za nchi, na njaa ya watu, na usiku. Na mtu asiyeyajua hayo hatafahamu kwa nini mbwa mmoja husifiwa, na ndugu yake, aliyezaliwa naye tumbo moja, huuzwa kwa bei ya mbuzi mgonjwa.

Kwanza imetupasa kueleza lacha ni mbwa gani. Yeye si kabila la mbwa, ni chotara. Mzazi wake mmoja ni wa jamii ya mbwa wawindao kwa macho, wenye kifua kirefu na kiuno chembamba, ambao Waingereza huwaita *greyhound*, nasi twaweza kusema mbwa wa mbio. Jamii hiyo yajulikana hata kwa Waarabu wa Omani na wa Ghuba, maana saluki wao ni mbwa wa namna iyo hiyo. Mzazi wa pili ni mbwa wa kazi: mara nyingi kolii achungaye kondoo, au teria wa Bedlington, ambaye ni mdogo, mkali, mwenye manyoya ya kusokotana. Mbwa wa mbio akizaa na saluki, mtoto wao kwa desturi ya wafugaji haitwi lacha, kwa maana pande zote mbili ni za mbio. Lacha sharti awe na upande wa pili, upande wa mbwa afikiriye na atumwaye. Chama kiitwacho Kennel Club, kilichoundwa London mwaka 1873 ili kuandika nasaba za mbwa, hakimwandiki lacha miongoni mwa makabila yake. Basi bwana wa lacha hana hati ya kumsifia mbwa wake. Ushahidi wake ni matendo ya mbwa tu.

Na jina lenyewe lafaa kuangaliwa, kwa kuwa majina huhifadhi mambo ambayo watu wameyasahau. Neno *lurcher* latokana na kitendo cha Kiingereza chenye maana ya kunyemelea na kujibanza. Zamani lilikuwa jina la mtu, mwizi wa vitu vidogo vidogo, aviziaye. Katika karne ya 17 twaliona limehamia kwa mbwa. Basi jina lake si sifa. Mbwa wa mabwana aliitwa kwa jina la heshima, na mbwa wa maskini akaitwa mnyemeleaji. Hata kwetu pwani twajua desturi ya namna hii, maana mbwa asiye na bwana wa maana huitwa mbwa koko, na hakuna aulizaye kama ana akili.

Sasa tutazame sheria. Baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, wafalme walitenga nchi kubwa ziwe misitu yao ya kuwindia, na mbwa wa raia wakaaji wa misitu hiyo wakahesabiwa kuwa hatari. Hati ya Misitu ya mwaka 1217, iliyotolewa kwa jina la mfalme mtoto Henry III, yatuonyesha jinsi jambo hili lilivyofanywa. Mbwa walikaguliwa kila mwaka wa tatu, nao walikatwa kucha tatu za mguu wa mbele, bila kuukata wayo, wasiweze kumfukuza mnyama wa mfalme. Aliyeonekana na mbwa asiyekatwa alitozwa shilingi 3. Tena hati hiyo ilisema kwamba tangu siku ile ng'ombe asichukuliwe kwa ajili ya mbwa. Na kwa neno hilo twajua ya kuwa kabla ya hapo watu walikuwa wakinyang'anywa ng'ombe wao kwa sababu ya kucha za mbwa.

Karne mbili karibu zikapita. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza waliasi, wakaingia London, na mabwana wakaogopa sana. Katika mwaka wa 13 wa enzi ya Richard II ikatungwa sheria juu ya mbwa. Vitabu vingine huiandika 1389 na vingine 1390, kwa sababu zamani zile mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, na baraza lilikutana mwezi wa Januari. Sheria hiyo ilisema kwamba fundi, kibarua, au mtu mwingine asiye wa kanisa, ambaye hana ardhi ya kuleta shilingi 40 kwa mwaka, asifuge mbwa wa mbio wala mbwa mwingine wa kuwinda. Wala padre au karani wa kanisa ambaye mapato yake hayafiki pauni 10 kwa mwaka. Na adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja. Wasomaji wetu walio mapadre huenda wakatabasamu wakiona ya kuwa wenzao wa zamani walitajwa pamoja na vibarua. Lakini jambo hilo latufundisha kwamba padre wa shamba alikuwa maskini kama watu wake, na labda chungu chake kilinukia vile vile. Sheria ilieleza na sababu yake: watu hawa, ilisema, huenda kuwinda siku za sikukuu, wakati Wakristo wema wako kanisani, na kwa kisingizio cha kuwinda hukutana na kufanya shauri la kuasi. Kwa hiyo tangu hapo mbwa wa maskini alikuwa na hatia mbili: ya nyama, na ya siasa.

Je, mbwa hao walikwisha? Hapana. Mwaka 1570 John Caius, tabibu wa wafalme na mkuu wa chuo kimoja cha Cambridge, alichapisha kitabu kidogo cha Kilatini juu ya mbwa wa Uingereza, alichomwandikia mtaalamu Conrad Gessner wa Zürich. Na mwaka 1576 Abraham Fleming alikifasiri kwa Kiingereza. Humo twakuta mbwa aitwaye kwa Kilatini *canis furax*, yaani mbwa mwizi. Caius aeleza kwamba mbwa huyu hutoka usiku kwa amri ya bwana wake, hutafuta sungura kwa harufu iletwayo na upepo uvumao kumwelekea, habweki muda wote wa kuwinda asije akajiharibia faida, hukamata wengi kadiri bwana wake amruhusuvyo, kisha huwachukua mpaka mahali bwana wake asimamapo. Angalia, msomaji, sifa zilizohesabiwa: pua, kimya, utii wa kipimo, na kuleta. Ni sifa nne, wala mbio hazikuwekwa mbele. Tabibu yule hakuwa mwindaji wa siri, lakini aliona barabara; na mpaka leo ukimwuliza mwenye lacha ni nini kilicho chema kwa mbwa wake, atakuhesabia karibu zizi hizo.

Baadaye sheria zilimtaja lacha kwa jina. Katika mwaka wa tano wa Malkia Anne, aliyeanza kutawala 1702, sheria ya wanyama wa kuwindwa ilimtoza pauni 5 mtu asiyestahili kuwinda akionekana na mbwa wa mbio, au lacha, au nyavu za namna namna. Naye hakustahili asiye na ardhi ya kuleta pauni 100 kwa mwaka, kwa kipimo kilichowekwa mwaka 1671. Mwaka 1790 Thomas Bewick, mchoraji wa Newcastle, alitoa kitabu chake cha wanyama wenye miguu minne, naye alimweleza lacha kuwa ni mdogo kuliko mbwa wa mbio, mwenye miguu mifupi zaidi na yenye nguvu zaidi, manyoya yake ni magumu, rangi yake mara nyingi ni manjano hafifu, uso wake ni wa kununa. Na kwa kuwa ana pua njema hutumiwa kuwinda sungura usiku. Hata sasa, ukiwaona lacha wenye damu ya kolii mwenye ndevu, utafikiri Bewick aliwachora jana.

Kisha ikaja sheria nzito, ya mwaka 1828, juu ya kuwinda kwa siri usiku. Aliyeshikwa mara ya kwanza alifungwa miezi hata 3 pamoja na kazi ngumu; mara ya pili miezi hata 6; mara ya tatu aliweza kupelekwa ng'ambo muda wa miaka 7, na kwa wengi wa siku zile ng'ambo maana yake ni Australia. Tafadhali fikiri jambo hili pamoja nami. Mtu yumo shambani usiku wa manane, watoto wake wamelala na njaa, ametandika wavu mrefu kati ya malisho na mashimo ya sungura, na mbwa wake azunguka gizani kuwarudisha sungura wavuni. Mlinzi wa bwana mwenye shamba yuko mahali fulani, asikiliza. Mbwa akibweka mara moja tu, bwana wake aweza kutowaona wanawe kwa miaka saba, wala huenda asirudi kamwe. Waswahili husema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini kwa mtu yule kimya kilikuwa nyumba yake, na mkewe, na nchi yake.

Hii ndiyo sababu ya kimya kuwekwa kuwa sifa ya kwanza. Nami nataka kuilinganisha na desturi ya mahali pengine, isidhaniwe ya kuwa kimya ni chema popote. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo ambao Wazungu huwaita basenji, wasiobweka kama mbwa wengine. Wawindaji wa huko huwafunga kengele shingoni, ili wajue mbwa yu wapi kichakani, na mnyama ashtuke akimbilie wavuni. Basi kimya kilekile ambacho mwindaji wa Uingereza alikinunua kwa bei kubwa, mwindaji wa Kongo hukiondoa kwa kengele. Yule wa kwanza alimwogopa mtu. Huyu wa pili hana mtu wa kumwogopa, amtafuta mnyama tu. Kwa hiyo asemaye "mbwa mwema" pasipo kusema "wa kazi gani, na mbele ya sheria gani," hajasema neno bado.

Sasa tuziangalie sifa nyingine moja moja, tukiweka upande mmoja lacha mwema na upande wa pili lacha wa kadiri. Maana lacha mbaya hujulikana na kila mtu, bali yule wa kadiri ndiye awadanganyaye wanunuzi.

Sifa ya pili ni kuleta. Lacha wa kadiri humkamata sungura, kisha husimama juu yake, au humtafuna, au huzunguka naye kama atakaye kucheza. Lacha mwema humchukua kwa kinywa laini, akiwa hai mara nyingi, na kumtia mkononi mwa bwana wake. Mtu wa mjini atasema hili ni pambo. Si pambo. Nyama iliyotafunwa haiuziki sokoni. Tena mbwa asipoleta, bwana wake hana budi kutoka kwenye kivuli cha ua wa miti na kuvuka uwanja mtupu, na hapo ndipo aonekanapo. Mwaka 1862 sheria iliwapa askari polisi ruhusa ya kumsimamisha na kumpekua njiani mtu waliyemshuku kuwa ametoka kuwinda kwa siri. Basi kila dakika ya kuzubaa ilizidi kuwa na gharama.

Sifa ya tatu ni pua pamoja na akili ya kuitumia. Mbwa wa mbio huwinda kwa macho. Asichokiona hana habari nacho sana. Lacha wa kadiri aweza kuwa na pua, lakini huitumia kwa kufuata kila harufu ya jana. Lacha mwema akifika kwenye mashimo ya sungura hunusa, kisha husimama penye shimo lenye sungura ndani, na kulipita lililo tupu, hata mwenye fereti, mnyama mdogo mwembamba mfano wa nguchiro afugwaye kuwatoa sungura mashimoni, hana haja ya kupoteza saa penye shimo bure. Mbwa adanganyaye mara tatu asubuhi moja humchosha fereti, humchosha bwana wake, na siku imekwisha.

Sifa ya nne ni kujua wakati wa kukimbia na njia ya kukimbilia. Mbwa wa mbio aweza kufikia maili 40 na zaidi kwa saa kwa kitambo kidogo, na sungura mkubwa wa mbugani naye hukaribia mbio hizo. Lakini sungura hupinda ghafula, na mbwa mzito wa mbio hupita mbele akipepesuka. Lacha wa kadiri humfuata sungura wa mashimo mkiani mwake, naye sungura huingia shimoni hatua moja mbele ya meno. Lacha mwema hakimbilii mkia. Hukimbilia njia ya kurudi shimoni, amzuie. Huyu si mwenye mbio kuliko mwenzake. Ametambua ya kuwa sungura anakwenda mahali. Waswahili wamesema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na ukingo wa mashamba ya Uingereza ni ua wa miiba, na ukuta wa mawe, na waya wenye miiba, ambavyo vimewavunja shingo mbwa wengi wenye mbio kuliko akili.

Sifa ya tano ni kutulia mbele ya mifugo. Nchi iwindwayo ndiyo nchi ichungwayo. Lacha aliye na damu ya kolii huzaliwa na tamaa ya kuwakusanya kondoo, na aliye na damu ya teria ana tamaa ya kuuma. Mwema hupita katikati ya kondoo usiku kana kwamba ni mawe. Tangu sheria ya mwaka 1953 mwenye mbwa asumbuaye mifugo shambani ni mkosaji mbele ya mahakama. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, mkulima aliyemvumilia kibarua achukuaye sungura hakumvumilia hata siku moja mbwa auaye kondoo.

Sifa ya sita ni ya mwili: nyayo ngumu, manyoya ya kuzuia mvua na miiba, ngozi isiyopasuka upesi, na pumzi ya kudumu usiku kucha. Mbwa wa mbio ameumbwa kwa kukimbia mara moja kwa nguvu zake zote, kisha kupumzika. Lacha hutakiwa kukimbia, na kurudi, na kusimama katika baridi, na kukimbia tena mara kumi. Ndiyo maana wengi hupenda mbwa wa kimo cha kati, kama inchi 23 hata 26 mabegani, kuliko jitu refu lipendezalo macho.

Yafaa hapa kukumbuka mashindano ya mabwana, ili tuone tofauti. Arrian, Mgiriki aliyekuwa liwali wa Warumi katika karne ya 2, aliandika kitabu juu ya kuwinda kwa mbwa wa mbio wa Wakelti. Yeye alisema kwamba wawindaji wa kweli hawawatoi mbwa kwa ajili ya kumwua sungura, bali kwa ajili ya kuona mashindano, nao hufurahi sungura akiokoka. Mawazo hayo yalidumu katika Uingereza. Katika mashindano ya Waterloo Cup, yaliyoanzishwa mwaka 1836 huko Altcar karibu na Liverpool na kufanyika mara ya mwisho mwaka 2005, mbwa wawili walifunguliwa pamoja, na mwamuzi akahesabu alama kwa mbio na kwa kumpindua sungura. Kumwua hakukuwa ndiko kushinda. Basi kwa bwana, mbwa mwema ni yule ashindaye mbwa mwingine. Kwa maskini hakuna mbwa wa pili wa kushindana naye. Kuna chungu tu, kijae au kisijae. Wale waletao vipimo vya mabwana katika kumchagua lacha hukosea tangu hatua ya kwanza, kwa maana hupima mchezo wakadhani wamepima kazi.

Sasa tumefika penye swali gumu, ambalo waalimu wamelizoea katika darasa zao: Je, wema wa lacha hutoka katika damu au katika malezi? Wako wasemao damu. Nao wana hoja, maana lacha asiye na nyayo njema hafundishiki kuwa nazo. Lakini damu ya chotara haiaminiki sana. Mtawa Gregor Mendel wa Brünn, katika kazi aliyoisoma mwaka 1865 na kuichapisha mwaka 1866, alionyesha kwa mbegu za njegere ya kwamba uzao wa kwanza wa namna mbili hufanana, bali uzao unaofuata huzitawanya tena tabia za mababu, huku na huku. Wafugaji wa lacha waliliona jambo hilo kabla ya kulijua jina la Mendel: watoto wa mbwa wa mbio na kolii hukaribiana kwa umbo, lakini lacha akizaa na lacha, katika tumbo moja hutoka mmoja kama mbwa wa mbio, na mmoja kama kolii, na mmoja asiyefanana na ye yote. Kwa hiyo mtu aweza kununua watoto wa mama mashuhuri, akapata wa kadiri.

Wengine husema malezi. Mmoja wao alikuwa Brian Plummer, mwalimu wa shule, ambaye mwaka 1979 alitoa kitabu kiitwacho *The Complete Lurcher*, naye aliisifu sana damu ya kolii kwa sababu hufundishika. Angalia tena sifa tulizozihesabu. Pua na nyayo na manyoya ni za kuzaliwa. Lakini kuleta, na kutulia mbele ya kondoo, na kurudi kwa mluzi, hizo zote hukamilika mikononi mwa bwana, kwa subira, siku baada ya siku, tangu mbwa angali mdogo. Samaki mkunje angali mbichi. Hata kimya, ambacho twakidhani ni cha damu tupu, chaweza kuharibiwa na mtu. Wafugaji wenye ujuzi huonya kwamba mbwa mchanga akipelekwa kuwinda kabla ya kukomaa, akashindwa na sungura mara nyingi mfululizo, huanza kulia akimbiapo kwa uchungu wa kushindwa. Na tabia hiyo ikisha kuingia, haitoki. Hapo mwalimu atajiona mwenyewe. Mtoto apewaye hesabu zipitazo nguvu zake hajifunzi hesabu, hujifunza kulia. Basi jibu langu ni hili: damu humpa lacha mpaka ambao hawezi kuuvuka, lakini lacha wengi wa kadiri hawajaufikia mpaka wao. Walisimamishwa njiani na haraka ya bwana.

Imebaki kuelezwa jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1831 ile sheria ya kustahili kwa kipimo cha ardhi ilifutwa, na mahali pake ikawekwa hati ya kulipiwa. Mwaka 1880 wakulima waliopanga mashamba walipewa haki ya kukamata sungura wa mashimo na wa mbugani katika nchi waliyoilima, hata bwana mwenye ardhi akikataa. Na hivyo lacha wengi walipata kazi ya mchana, pasipo kujificha. Kisha mwaka 1953 ugonjwa wa sungura uitwao miksomatosisi uliingia Uingereza, na katika miaka michache uliwaua sungura wa mashimo karibu wote. Kizazi kizima cha lacha kilikosa kazi, mpaka sungura walipoongezeka tena.

Mwisho, mwaka 2004 bunge lilitunga sheria juu ya kuwinda kwa mbwa katika Uingereza na Wales, iliyoanza kutumika tarehe 18 Februari 2005. Kwa sheria hiyo ni haramu kumwinda kwa mbwa sungura wa mbugani, na mbweha, na paa. Lakini sungura wa mashimo na panya waweza kuwindwa, mradi mwenye ardhi ameridhika. Tena mwaka 2022 adhabu ziliongezwa juu ya wale waingiao mashamba ya watu kufukuza sungura wa mbugani, mara nyingi kwa kamari: kifungo chaweza kufika miezi 6, na mahakama yaweza kumkataza mkosaji asifuge mbwa. Wakulima wengi walikuwa wamelalamika, kwa haki, juu ya milango iliyovunjwa, mazao yaliyokanyagwa na vitisho. Wale wafanyao hivyo hawana njaa ya babu zao; wamerithi mbwa tu.

Na hapa wema wa lacha umegeuka mara nyingine. Zamani mwema alikuwa yule asiyebweka. Leo, juu ya hayo, ni yule akubaliye kusimama. Mbwa aliyefunguliwa amfukuze sungura wa mashimo, akamwona sungura wa mbugani akiinuka miguuni pake, kila mshipa wa mwili wake humwambia, kimbia. Bwana wake hupiga mluzi. Lacha wa kadiri hausikii mluzi ule, wala hatausikia mpaka amechoka, na bwana wake ataeleza habari hiyo mbele ya hakimu. Lacha mwema hugeuka. Nao walio na ujuzi husema kwamba kugeuka huku ndiko kugumu kuliko mbio zote, kwa kuwa mbwa huacha kitu alichozaliwa kukitaka, kwa sababu ya sauti ya mtu amwaminiye.

Tabibu Caius alikwisha kuliandika jambo hilo mwaka 1570, aliposema kwamba mbwa yule hukamata kadiri bwana wake amruhusuvyo. Alimwita mwizi, na kwa sheria za siku zile labda alikuwa mwizi. Lakini mwizi ajuaye kipimo ni kitu cha ajabu, na huenda kipimo hicho hakikuwa cha mbwa, bali cha maskini yule aliyesimama gizani, aliyemfundisha kuchukua sungura wa kutosha chungu cha siku moja, kisha waende nyumbani.